Kasiksi Aliyoimwaga Marcelline

Kama umewahi kuimba katika kwaya ya parokia yoyote ya Kadutu, huenda kanzu uliyovaa ilipita chini ya sindano ya Maman Marcelline. Alishona kanzu za mapadri, magauni ya wanakwaya, nguo nyeupe za watoto wa komunyo ya kwanza, na vitambaa vya altare ambavyo masista walivikagua mshono kwa mshono wasipate la kusema. Miaka ishirini na saba alikaa katika kibanda kile kile cha mbao karibu na soko, mguu wa kulia ukikanyaga mashine tangu asubuhi mpaka jioni. Mkono wake ulisifiwa na ulimi wake uliogopwa. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, Marcelline alimtazama juu hadi chini na kumwambia, "Robe haikunenepa, maman. Uangalie fasi ingine."

Mwanamke wa namna hiyo huwezi kumdhania woga. Lakini mwoga alikuwa, tena sana, na woga wake nusura umchome mtu moto.

Ilikuwa mwaka wa tatu sasa tangu ugonjwa umkute. Alianza na kiu isiyokatika, kisha safari za chooni, kisha nguo zake mwenyewe zikawa zinamning'inia, naye fundi. Kwenye kituo cha afya walimtoboa kidole. Muuguzi akasoma mia tatu na kumi na mbili kwenye mashine, akasema, "Trois cent douze, maman. Uko na sukari." Marcelline alicheka. Chai yake aliinywa kavu tangu bei ya sukari ilipopanda, hiyo sukari ingetoka wapi? Kisha akatazama miguu yake, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Alimkumbuka fundi Ezéchiel, aliyekuwa na kibanda cha pili kutoka chake. Ezéchiel alikuwa na sukari na hakuficha. Kabla hata kidonda chake cha mguuni hakijaoza, wateja walianza kuhamisha vitambaa vyao, maana nani ampe kazi ya harusi fundi ambaye kesho atakatwa mguu, na mashine yenyewe ni ya kukanyaga? Wateja watatu walihamia kwa Marcelline, naye aliwapokea bila kuuliza. Siku Ezéchiel alipokatwa, kibanda chake kilikuwa tayari kinauza vocha za simu.

Basi Marcelline akajiapiza kwamba hakuna atakayejua. Hata Carmel, binti yake aliyebaki naye nyumbani, hakuambiwa. Vidonge alivitia katika kopo la vifungo. Kwenye misiba na harusi aligusisha Fanta kwenye midomo na kuiacha. Keki aliifunga kwenye karatasi, eti anampelekea jirani. Akibanwa sana, alisema yuko kwenye novena amefunga, na ndani ya mwaka mmoja alikuwa na novena nyingi kuliko watakatifu wa kuombewa.

Sasa, kwa mtu wa Bushi, yaani wa vilima vya huku kwetu, kikombe si kitu cha kuchezea. Ukifika nyumbani kwa mtu akakukaribisha, yeye ndiye huonja kwanza mbele ya macho yako, kisha anakupa. Anakuonyesha kwamba hakuna karuho, ile sumu inayosemwa kwamba humkausha mtu polepole mpaka abaki mifupa. Karuho hakuna aliyeiona, lakini kila mmoja ana shangazi aliyekufa kwayo. Kwa hiyo mwenyeji akishaonja nawe bado ukakataa, umemtukana mbele ya watu. Umemwambia: najua wewe ni nani. Marcelline aliyajua haya kama anavyojua jina lake. Ila mtu mwenye siri huiangalia siri yake tu, akasahau wengine wanaangalia nini.

Mwezi wa sita, kiangazi kilipoanza, akaja kituoni msichana mmoja mwenye miwani na mfuko wa madaftari. Aliitwa Carine, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kazi za jamii, na alikuwa akifanya utafiti kuhusu hisia za watu wanaoishi na sukari. Alitaka kujua mtu anaogopa nini, anaficha nini, nyumbani anaishije na ugonjwa ambao hauishi.

"Hisia?" Marcelline akamwuliza. "Sukari iko mu damu, binti yangu. Haiko mu roho."

"Hicho njo kitu minatafuta kujua, maman," Carine akajibu kwa upole. "Kama kweli haiko."

Jibu lile lilimwudhi Marcelline, na kwa kuwa lilimwudhi, akakubali kuja. Alhamisi wakakusanyika watu sita kwenye chumba cha nyuma, wamekaa kwenye mabenchi. Carine aliwasomea karatasi, wakatia sahihi: yatakayosemwa humu yanabaki humu, na majina ya watu hayatajwi. Kisha akapanga mezani vijikaratasi vyenye maneno makubwa: HOFU, HASIRA, HUZUNI, HAYA, AMANI. Kila mtu achukue neno lake aeleze kwa nini.

Marcelline alichukua AMANI. Uongo ulikuwa umeshamzoea.

Pembeni yake alikaa mwanamume mmoja mrefu, kooni mifupa imemtoka, anaitwa Mushagalusa. Alikuwa mkulima wa Nyantende. Alichukua HAYA, akaigeuza geuza kwenye vidole kabla ya kusema.

"Sukari ilinikamata mwaka uliopita," akaanza. "Nilikonda mpaka suruali ilikuwa inaanguka. Batu ba kwetu bakaanza kuniuliza: Mushagalusa, weye ulikunywa wapi? Sababu kwetu kuna mama mumoja mwenye kupika kasiksi. Munajua, pombe ya ndizi. Mwezi wa nane balikuya kumutolea binti yake mahari. Yule mama alikuwa na rafiki yake, fundi wa kushona bikanzu, wa huku mujini. Akaonja kikombe mbele ya batu bote, akamupatia. Fundi akapeleka ku midomo. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akamwanga yote ku mugomba. Kulikuwa mutu pale, akamuona."

Marcelline aliifumbata ile AMANI kiganjani. Alitaka kumwambia mtu huyu anyamaze.

"Mwezi wa kumi muzee mumoja mwenye alikunywa siku ile akakufa," Mushagalusa akaendelea. "Batu bakakumbuka. Bakasema: yule fundi anamujua yule mama tangu utoto, balisoma pamoja. Kama rafiki yake ya damu alimwanga, ni kusema alijua kitu. Bakasema hata ule mugomba ulikauka."

Mgomba uliokwisha kuzaa hukauka, hata mtoto wa Nyantende anajua. Lakini uvumi hauulizi wakulima.

"Bakavunja mutumbwi wake wa kukamulia ndizi. Bakakata shamba yake yote ya ndizi. Bakwe bakamukataza binti asirudi tena kwa mama yake. Bijana bakakuya na petrole kumuchomea mu nyumba, katekista akasimama ku mulango, akasema bamuchome yeye mbele. Njo bakarudi."

"Na haya yako, papa?" Carine akauliza. Kalamu yake ilikuwa imesimama. "Haya yako ni ya nini?"

Mushagalusa akaitazama karatasi. "Baliniuliza kama na miye nilikunywa kwake, njo maana nakonda. Na mwezi wa nane miye nilikuwa Walungu, kwa shemeji yangu, mwezi muzima. Ile kasiksi sikuionja. Lakini nilinyamaza. Mutu mwenye alipewa sumu, batu banamuhurumia, banamuletea hata kuku. Mutu wa sukari banasema huyu ni wa kukatwa miguu, amekwisha. Nikaacha baseme." Akafuta uso kwa kiganja. "Kuku nilikula. Tatu."

Hakuna aliyecheka. Marcelline alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Binti aliyetolewa mahari mwezi wa nane aliitwa Jeanine, na gauni lake alilishona yeye. Mama yake aliitwa Yolande. Walianza kufahamiana wakiwa na miaka kumi na miwili, kwenye shule ya bweni ya masista kule Nyangezi, walipolala kitanda kimoja kwa kuwa vitanda havikutosha. Na kikombe alikuwa amekimwaga yeye Marcelline, kwa mkono wake huu, akidhani amefanya akili.

Tangu siku ile hakurudi Nyantende. Mwanzoni alikwepa karamu. Kisha simu ya Yolande ikawa haipatikani, naye akasema moyoni, amenikasirikia, acha hasira ipoe. Kisha mwezi wa pili mji ukatekwa, ukapata watawala wapya, banki zikafungwa, kila mtu akajikunyata kwake. Sababu za kutokwenda zilikuwa nyingi na zote zilimfaa. Sasa hakubaki na hata moja.

Akairudisha ile AMANI mezani. "Hii haiko yangu," akasema. "Ule fundi ni miye."

Mushagalusa alisimama, akakaa, akasimama tena, kama mtu aliyegundua ameketi juu ya siafu.

Mkutano ulipovunjika, Carine alimfuata Marcelline uani, uso umempauka. "Maman, ile yote ulisema iko mu siri. Ulitia signature, hakuna mutu atajua."

"Signature yako inachunga siri yangu," Marcelline akasema. "Na siri yangu inataka kuua mutu. Sasa unichungie nini?"

Carine akafikiri. "Siri yako ni yako, unaweza kuivunja. Ya papa Mushagalusa ni yake. Hiyo usiiguse."

Mushagalusa alikuwa karibu na bomba la maji, anajifanya ananawa. Marcelline akamwendea. "Siku ya Mungu nitaenda Nyantende. Nitasema mbele ya batu. Tuende pamoja."

"Batanicheka, maman. Na zile kuku?"

"Sitakutaja. Lakini Mungu alikuona ukila."

Mushagalusa alifunga bomba na kuondoka bila kuaga, na Marcelline hakuweza kumlaumu, maana naye angeweza kuondoka hivyo hivyo.

Jumamosi mchana, mashine ikiwa imefunikwa, alimkalisha Carmel akamwambia yote. Carmel alikuwa mwalimu wa chekechea, binti mpole asiyekanyaga hata sisimizi. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka. Kisha akauliza, "Kumbe kukonda kwako kote kule ni sukari?"

"Ni sukari."

"Miye nilizania ni Maman Yolande." Akajifuta machozi. "Mama, mambo yenye balimufanya kule, nilijua. Tangu mwezi wa kumi. Mutu wa Nyantende alikuya kuniambia, na sikukuambia weye. Nilifurahi. Nilisema, alitaka kuniulia mama yangu, acha bamulipishe."

Marcelline alimtazama mtoto aliyemzaa mwenyewe, aliyemfundisha kusali, ambaye Yolande alimbeba mgongoni alipokuwa na surua. Hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Yeye ndiye aliyemwachia pengo la kujaza, na mtoto alilijaza kwa alichookota njiani. Usiku ule hawakula pamoja, kila mmoja aliogopa macho ya mwenzake.

Jumapili akapanda pikipiki mpaka Nyantende. Alifika misa ikiwa katikati. Yolande hakuwemo, na baadaye aliambiwa kwamba hakuja kanisani tangu Noeli, kwa kuwa wakati wa kupeana amani kila mkono ulirudi nyuma. Ilipofika saa ya matangazo, Marcelline akamwomba neno katekista, mzee Christophe, yule yule aliyesimama mlangoni. Christophe alimtambua. Alisita kidogo, kisha akamsogezea nafasi mbele.

"Jina langu Marcelline," akasema, na sauti yake, iliyozoea kuamrisha kwaya nzima inyooshe mabega, ikatetemeka. "Njo miye nilimwanga kasiksi ya Yolande. Niko na sukari mu damu, mwaka wa tatu huu. Docteur alinikataza pombe ya ndizi. Nilikuwa na haya ya kusema, nikajificha nyuma ya nyumba. Mu kile kikombe hamukuwa kitu. Yolande hana kosa. Kosa ni yangu."

Alitegemea nini? Pengine kilio, pengine aibu ya watu wazima wakitazama viatu vyao. Badala yake mama mmoja wa benchi la mbele akainua kidole.

"Mwaka wa tatu. Na mbele ya hapo, ulikuwa unakunywa kwake?"

"Ndiyo. Nilikunywa kwake tangu niko binti."

"Basi!" mama yule akasema, akiwageukia wenzake. "Njo pale alikupatia."

Marcelline alidhani hakusikia vizuri. Lakini benchi la pili nalo likaitikia, na la tatu. Sukari gani ya mtu asiyekula sukari? Si amekonda? Si anakauka? Karuho hufanya nini zaidi ya hapo? Kijana mmoja akapaza sauti kutoka dirishani, "Amefunga kesi mwenyewe! Mugonjwa amekuya kumutaja!" Na kanisa lote likaanza kunguruma. Marcelline alishika ukingo wa meza. Alikuwa amekuja kuuzima moto, kumbe ameumwagia petroli. Maneno yake yote ya ukali, yale yaliyotisha wateja wa Kadutu, hayakumjia hata moja. Mbele ya macho yake aliona vijana wawili wa nyuma wakinong'onezana, na mmoja wao akatoka.

"Munyamaze!" mzee Christophe alikuwa akisema. "Munyamaze mu nyumba ya Mungu!"

Hapo ndipo mtu mrefu alipoingia kwa mlango wa pembeni. Mushagalusa alikuwa amesimama nje muda wote, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kung'olewa jino. Alikuja mpaka mbele bila kumtazama Marcelline.

"Na miye niko na sukari," akasema. Hakupaza sauti, ilibidi watu wanyamaze wamsikie. "Sikupewa sumu. Niko na carte ya kituo, hii hapa. Mwezi wa nane nilikuwa Walungu, na munajua, sababu mbuzi ya papa Christophe ilikula maharagi yangu mwezi ule na sikukuwako. Kasiksi ya Yolande sikuionja. Sasa muniambie, miye alinipatia wapi?"

Ile carte ikapita mkono kwa mkono kwenye benchi la mbele.

"Baliniletea kuku," Mushagalusa akaendelea, na sasa alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima. "Nilizikula, nikanyamaza. Kama munataka kuvunjia mutu mulango, mukuye kwangu. Miye niko na makosa. Yule mama hana."

"Na muzee mwenye alikufa?" mtu akauliza, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta njia ya kutokea.

"Muzee alikuwa na miaka makumi nane na tatu," mzee Christophe akasema kwa uchovu. "Alianza kukohoa mbele weye uzaliwe."

Si wote walioamini, tusidanganyane. Wengine walitoka wakitikisa vichwa, na mama wa benchi la mbele alisema wazi kwamba maneno ya wagonjwa wawili si ushahidi. Lakini wengine walibaki wameketi, hawaamki, hawasali, macho chini. Mzee Christophe akamtuma mtu amfuate yule kijana aliyetoka na kumrudisha. Mwanamume mmoja akaja taratibu kumwuliza Mushagalusa, huo ugonjwa wa sukari, kiu yake huanzaje? Naye huamka usiku mara nne, mara tano.

Marcelline hakungoja baraka ya mwisho. Alishuka njia ya shamba la Yolande. Mahali palipokuwa na migomba, mnene kiasi kwamba ukiita kutoka nyumbani hawakusikii barabarani, palikuwa na visiki vyeusi. Vichipukizi vichache vilikuwa vimeanza kuinuka pembeni yake bila kupaliliwa. Mtumbwi wa kukamulia ndizi ulilala vipande viwili kando ya njia, umeota magugu.

Yolande alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko lake. Alikuwa amekonda kuliko Marcelline, kuliko hata Mushagalusa. Mikono yote miwili aliifunga vitambaa mpaka kwenye vifundo, kama mtu aliyeungua. Ndani ya jiko, katikati ya mafiga, majivu yalikuwa ya zamani mno hata kuku alikuwa ametengeneza kiota humo.

"Ulikuya," Yolande akasema. Hakuinuka.

Marcelline akakaa chini, pale pale kwenye vumbi na gauni lake la Jumapili, akamweleza. Hakujitetea. Alimwambia kuhusu trois cent douze, kuhusu Ezéchiel, kuhusu novena za uongo, kuhusu kikombe. Alisema, "Nisamehe, ndugu yangu," mara nyingi kiasi kwamba maneno yakaanza kupoteza maana.

Yolande alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ndogo. "Mu kikombe hamukuwa kitu?"

"Hamukuwa kitu."

"Na weye haukuona kitu?"

"Nione nini, Yolande? Nilikuwa mugonjwa. Nilikuwa na haya."

Yolande akavitazama vitambaa vya mikononi mwake. "Miye nilifikiri uliona. Bale bengine, nilibacheka. Lakini weye unanijua tangu tuko batoto. Nikasema, kama Marcelline alimwanga, basi mu mikono yangu kuko kitu chenye miye mwenyewe siwezi kuona. Nilinawa na sabuni. Nilinawa na majivu. Nikaomba maji ya baraka, nikanawa nayo. Kisha nikaacha kupika. Sitaki niue mutu. Hata miye mwenyewe, siwezi kula kitu nilipika."

"Unakula nini?" Marcelline akanong'ona. "Miezi yote hii, ulikula nini?"

"Bintu biko na maganda," Yolande akajibu, kama anayeeleza jambo la kawaida. "Ndizi. Yai. Muhindi ndani ya maganda yake. Kule ndani mukono haufike. Nafunga kitambaa, nachemsha huku inje, nabandua, nakula." Akaonyesha kwa kidevu bakuli la bati lililokuwa pembeni yake. Ndani yake kulikuwa na mayai mawili ya kuchemsha, chakula chake cha mchana. "Iko miezi munane."

Fundi aliyemshonea kila mtu, aliyejibu kila mtu, alikaa pale kinywa wazi. Alikuwa amekuja akidhani amemwibia rafiki yake shamba, na pombe, na binti, na jina. Kumbe alikuwa amemwibia hata mikono yake mwenyewe.

Hakuomba msamaha tena. Alisogea, akaushika mkono wa kuume wa Yolande, akaanza kufungua kitambaa. Yolande akauvuta. Marcelline hakuuachia. Akafungua cha kuume, akafungua cha kushoto. Ngozi ndani ilikuwa nyeupe na yenye mikunjo, imepasuka kwa kunawa. Kisha akaweka yai moja katika viganja vile.

"Bandua."

"Marcelline, hapana."

"Bandua na mikono yako. Niko na njaa."

Vidole vya Yolande vilitetemeka mpaka ganda likawa linakatika vipande vidogo vidogo, na vingine vikabaki vimegandamana na ute. Alipomaliza alilishika lile yai wazi, jeupe, bila kujua aliweke wapi. Marcelline akalichukua, akauma nusu, akatafuna pamoja na ganda lililobaki, akameza. Nusu nyingine akaipeleka mdomoni mwa Yolande.

Yolande alifunga mdomo kwa muda. Kisha akaufungua. Alitafuna polepole, macho amefumba, kiganja kitupu amekiweka tumboni, akisubiri kufa.

Kuku alitoka jikoni, akapita katikati yao, akaenda zake shambani. Yolande akafumbua macho. Akalitazama yai lililobaki kwenye bakuli, kisha akanyoosha mkono, akalichukua na kuanza kulibandua.